Maji ya Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94

Katika mwezi wake wa kwanza kazini, kijana niliyekuwa nikimfundisha alinijia na kipimajoto mkononi akisema kimeharibika. Alikuwa amekitia kwenye sufuria ya maji yanayotokota na kimegoma kwenye 94. Amesubiri, ameongeza makaa, kimegoma pale pale. Alikuwa ameshakiweka kando ya pipa la taka. Nikamwambia akiokote, kisha nikamuuliza kama anajua Nakuru iko juu kiasi gani kutoka baharini.

Tuko kama mita 1,850. Hewa ya hapa haiyakandamizi maji kwa nguvu kama ile ya Mombasa, kwa hiyo maji hutokota mapema, kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu, ambako ziwa lenyewe liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, ni karibu nyuzi 96. Ukipanda Timboroa, ambako barabara inapita mita 2,700, ni nyuzi 91. Mpishi yeyote aliyehama pwani akaja kukaa Molo anajua habari hii bila kipimajoto, kwa sababu maharagwe yake hukawia kuiva. Fundi wa magari ya zamani naye inambidi aijue, maana karibu kila kipimo atakachofanya kinaanzia kwenye sufuria hiyo.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza. Nimefanya kazi ya Land Rover za Series, Peugeot 404 na 504, Datsun na Mercedes za miaka ile kwa zaidi ya miaka ishirini, hapa hapa Nakuru. Malalamiko ninayoletewa kuliko mengine yote ni kwamba gari linachemsha. Na katika magari hayo, mengi tu hayachemshi. Geji ya joto kwenye dashibodi ndiyo inayodanganya. Mengine yanachemsha kweli na geji imetulia katikati kama mtu aliyeshiba. Kwa hiyo kabla ya kugusa rejeta, pampu ya maji au hedi, ile sehemu ya juu ya injini, jaribu kwanza shahidi wako. Fundi anayebadilisha rejeta kwa neno la mshale ambao hajaupima anacheza kamari na pesa za mteja.

Mimi pia niliwahi kuamini mshale. Miaka yangu ya mwanzo nilikabidhiwa 404 ya mzee mmoja wa Bahati, nikaipeleka kuijaribu kwenye mlima wa Sachangwan. Wakati huo nilikuwa na majivuno ya kuendesha gari la aina ile lililoshinda Safari Rally 1963, na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa na ufa ambao sikuuona. Mshale ulipanda hadi robo tatu, nikaanza kutafuta mahali pa kuegesha, halafu ukashuka. Ukashuka polepole, kwa adabu, hadi karibu na baridi. Nikafurahi, nikaongeza mwendo. Dakika chache baadaye gari likaanza kuishiwa nguvu, injini ikagongagonga, na harufu ya rangi inayoungua ikatufikia ndani.

Maji yalikuwa yamekwisha njiani. Sensa, kile kidude cha shaba kilichofungwa kwenye hedi, ilibaki imening'inia kwenye hewa na mvuke, na hewa haibebi joto kama maji yanavyolibeba. Ndiyo maana ilikuwa ikiniambia injini imepoa ilhali inaungua. Hedi ya 404 ni ya aluminiamu, imekaa juu ya bloku ya chuma, na aluminiamu ikipikwa hivyo hupinda. Nilikatwa mshahara miezi minne. Tangu siku hiyo mshale unaoshuka bila sababu, wakati gari bado liko mlimani, unanitisha kuliko unaopanda.

Sasa tuingie kazini. Ukiletewa gari, jambo la kwanza ni kujua lina geji ya namna gani. Magari ya zamani sana, hasa ya Uingereza ya kabla ya miaka ya sitini kukolea, yana geji isiyotumia umeme. Nyuma yake unatoka mrija mwembamba wa shaba unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye injini, na mwishoni una kichwa kilichojazwa etha. Etha ikipata joto hutanuka na kusukuma, mshale ukapanda. Mrija huo usiukunje kwa pembe kali, na usiukate kwa sababu yoyote ile. Nimeona kijana akiukata ili atoe injini kwa urahisi, akidhani ni waya na kwamba ataunga baadaye. Hauungwi barabarani. Geji ilikufa papo hapo, na ya kuibadilisha ilichukua wiki kupatikana.

Nyingi za geji hizo zimeandikwa kwa Farenhaiti. Ukiona mshale uko 180 usikimbilie ndoo ya maji. Hiyo ni 82 kwa nyuzi zetu, yaani injini iko pazuri kabisa. Maji ya kutokota hapa Nakuru yataipeleka 201, siyo 212.

Namna ya pili ndiyo mtakayokutana nayo zaidi. Inatumia umeme, ina sensa kwenye injini na waya mmoja hadi dashibodi. Sensa ikiwa baridi inazuia umeme sana, mamia ya omu. Ikipata moto inaulegeza, ikabaki makumi tu. Kwa hiyo ukichomoa waya kwenye sensa, mshale unapaswa kulala kwenye C, upande wa baridi. Ukiugusisha waya huo kwenye chuma cha injini swichi ikiwa imewashwa, mshale unapaswa kupanda kuelekea H, upande wa moto. Uachie kabla haujagonga mwisho, maana unaweza kuunguza geji. Jaribio hili la nusu dakika linakuonyesha kama waya na geji viko hai. Kwamba vinasema kweli, hilo halijajibiwa bado.

Hapo ndipo sufuria inapoingia. Chukua sufuria ambayo haitarudi jikoni. Kwanza jaribu kipimajoto chenyewe. Vunjavunja barafu, ya friji ya jirani inatosha, changanya na maji kidogo, koroga, tumbukiza. Kinapaswa kusoma sifuri, na sifuri hiyo haibadiliki ukiwa Kisumu wala Timboroa. Kisha kitie kwenye maji yanayotokota: 94, au karibu sana na hapo. Kikikosea nyuzi mbili kote kuwili, andika kwa kalamu juu ya kipini chake kwamba kinakosea mbili, uendelee kukitumia. Kikikosea mbili huku na saba kule, huyo ndiye wa pipa la taka.

Sasa fungua sensa kwenye injini iliyopoa. Ziba tundu kwa kizibo au kitambaa safi ili uchafu usiingie. Refusha waya wake hadi ufike kwenye jiko, kisha chukua waya mwingine, ubane kwenye mwili wa shaba wa sensa na uupeleke kwenye chuma cha injini. Wengi husahau waya huu wa pili. Sensa ikiwa kwenye injini hupata athi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia nyuzi za kufungia. Ikiwa mkononi mwako haina athi, na mshale hautanyanyuka hata uichome kwa gesi. Tumbukiza ncha tu, sehemu ya kuunganishia waya ibaki juu ya maji. Kipimajoto kiwe kando ya sensa, kisiguse chini ya sufuria, kwa sababu chini pana moto kuliko maji.

Washa swichi, washa jiko, na usiwe na haraka. Geji nyingi za miaka hiyo hufanya kazi kwa kijichuma kinachopashwa moto na umeme kikajikunja. Huchukua karibu dakika nzima kutulia. Ukifika 60, punguza moto, koroga, subiri, kisha mtu wa pili aliyekaa ndani apige picha ya geji kwa simu. Fanya hivyo tena kwenye 70, 80, 90. Kwenye 94 maji yatatokota na hutaweza kupita hapo. Ukitaka kufika karibu na 100, tumia maji nusu na kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu; mchanganyiko huo hutokota juu zaidi. Lakini kulanti ni sumu, na ina utamu unaovutia watoto na mbwa, kwa hiyo usiiache ovyo.

Ukimaliza una picha tano au sita. Geji ya Land Rover yangu ya mfano haina namba yoyote, ina C, N ya katikati na H tu, lakini sasa najua kwamba 82 iko mwanzo wa N na 94 iko palipoishia N. Kata utepe mwembamba wa karatasi, uubandike pembeni ya kioo cha geji, uweke alama kwa kalamu. Wako mafundi wanaocheka utepe huo. Waache wacheke.

Nilitaja athi, na lazima niirudie, kwa kuwa imekula siku nyingi za maisha yangu. Usizungushe utepe mweupe wa mafundi wa bomba kwenye nyuzi za sensa ukidhani unazuia kuvuja. Unazuia umeme pia, na geji itasoma chini kuliko ukweli. Kama sensa inavuja, weka washa mpya ya shaba.

Kisa cha mwalimu mstaafu wa Njoro ndicho ninachowasimulia wote wanaokuja kujifunza kwangu. Alikuja na Land Rover Series III ambayo mshale wake ulikuwa unalala kwenye H kila akiendesha dakika kumi. Karakana nyingine ilikuwa imeshambadilishia thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, na pampu ya maji, ikamfumulia rejeta yote, na mshale ukabaki pale pale. Alikuwa amechoka, hata kunisalimia alinisalimia kwa shida. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikawasha swichi, nikamuuliza, "Mwalimu, umejaza mafuta leo?"

"Nijaze kwa pesa gani, fundi? Zimebaki kama lita kumi na tano."

Geji ya mafuta ilikuwa inasema tangi limejaa.

Hapo sikuhitaji hata kufungua boneti. Kwenye gari hilo geji ya mafuta na ya joto zinakula sahani moja. Nyuma ya dashibodi kuna kidude kidogo, stabilaiza, kinachopunguza umeme wa betri hadi wastani wa volti 10, ili mshale usipande na kushuka kila jenereta ikiongeza au kupunguza umeme. Stabilaiza ikikosa athi hupitisha umeme wote wa betri, na geji zote mbili zinasoma juu pamoja. Kwa hiyo geji moja ikisoma vibaya, anza na sensa yake. Zikisoma vibaya mbili pamoja, upande mmoja, usiende popote kabla ya kuangalia stabilaiza.

Skrubu yake ilikuwa na kutu. Nikaifungua, nikasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikaikaza. Mshale wa mafuta ukateremka kwenye robo, na wa joto, baada ya kuzunguka hadi mtaa wa Section 58 na kurudi, ukatulia chini ya katikati. Ukitaka kuipima stabilaiza kwa multimita ya dijiti utachanganyikiwa, namba zitarukaruka, kwa sababu za zamani huwasha na kuzima umeme mara kwa mara. Balbu ndogo ya kujaribia ni bora. Ikipepesa, iko hai. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, ndiyo mbovu, au athi yake ndiyo mbovu.

Msasa wa shilingi chache. Nilimtoza mwalimu pesa ya chai, na bado naona aibu kwa niaba ya kazi yetu kwa zile alizotoa kabla hajafika kwangu.

Siku hizi kila kijana ana ile bunduki ya kupimia joto yenye taa nyekundu. Ni nzuri, ninayo, lakini ina hila zake. Taa nyekundu siyo inayopima. Inakuonyesha tu ulikoelekeza, na eneo linalopimwa ni pana zaidi kadiri unavyosimama mbali. Isogeze karibu. Pia haipendi chuma kinachong'aa. Ukiielekeza kwenye shaba iliyosuguliwa au aluminiamu safi itasoma chini sana, hata nyuzi thelathini chini, kwa kuwa chuma hicho kinaakisi joto la vitu vingine badala ya kutoa lake. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme kwenye nyumba ya thamostati, uache kipate joto la chuma, upime hapo. Na ujue unapima ngozi ya chuma. Maji ya ndani yana joto zaidi kwa nyuzi chache.

Ninapoipenda kweli ni kwenye rejeta. Injini ikiwa na moto, pitisha bunduki taratibu kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka kushoto kwenda kulia. Joto linapaswa kupungua polepole bila kuruka. Ukikuta sehemu ya katikati iko baridi ghafla, hapo mirija imeziba. Mpira wa juu ukiwa unaunguza na wa chini baridi kabisa, maji hayazunguki. Yote miwili ikiwa na moto sawasawa, maji yanazunguka lakini hayapoi, basi tafuta upepo: feni, mkanda, au majani na wadudu waliojaa kwenye mapezi. Kwenye 404, kumbuka feni yake hushikwa na sumaku ya umeme injini ikipata moto; inaweza kuwa inazunguka kiholela tu kwa upepo ilhali haijashikwa.

Thamostati nayo mnaihukumu vibaya. Imepigwa muhuri wa nyuzi zake, mara nyingi 82 au 88. Hiyo ndiyo nyuzi ya kuanza kufunguka, na inahitaji kama kumi zaidi ili ifunguke yote. Sasa itie ile ya 88 kwenye sufuria ya Nakuru. Maji yatatokota kwenye 94 na thamostati itakuwa imefunguka nusu. Kijana ataishika, ataitazama, atasema imekufa. Haijakufa. Ni sufuria iliyoishia njiani. Kinachotakiwa ni ianze kufunguka karibu na namba yake na ijifunge yote ikipoa.

Baya zaidi ni desturi yetu ya kuing'oa na kuitupa, "gari lipoe". Injini nyingi za zamani zina njia ya kando ambayo thamostati huifunga ikifunguka. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na kwenye mlima gari linachemsha zaidi. Asubuhi ya Julai nayo injini haipati joto lake, choki haitolewi, mafuta yanakwenda.

Halafu kuna kifuniko cha rejeta. Kina springi inayobana maji, na maji yaliyobanwa hutokota juu zaidi. Namba iliyopigwa juu yake, tuseme 7, ni pauni kwa inchi ya mraba. Cha 7 kikiwa kizima, hapa Nakuru maji matupu yatafika kama 107 kabla ya kutokota. Timboroa, kama 105. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, unarudi kwenye hesabu ya sufuria: 94 hapa, 91 kule juu. Weka thamostati ya 88 na kifuniko kilichokufa, panda Timboroa, na umejiachia nyuzi tatu tu kati ya thamostati kuanza kufunguka na maji kutokota. Mshale hautakwambia lolote kuhusu hilo. Unaonyesha joto. Kama joto hilo ni salama au siyo, inategemea mlima uliopo na kifuniko ulichofunga. Na kifuniko hicho usikifungue kikiwa na moto, hata kwa gunia, hata mteja akikuharakisha.

Wenye Volkswagen za mgongo wa kobe mniwie radhi. Gari lenu halina maji, mafuta ya injini na upepo ndivyo vinavyolipoza, na mambo yake yanataka siku yake.

Mwalimu wa Njoro nilimwekea utepe wa karatasi kwenye geji, alama ya kijani kwenye 82 na nyekundu kwenye 94, nikamwonyesha mkanda wa feni unavyokazwa. Miezi kadhaa baadaye alinipigia simu akielekea Eldoret kwenye harusi. Alikuwa Timboroa, amesimama kando ya barabara.

"Fundi, mshale umefika kwenye nyekundu."

"Gari linatoa mvuke?"

"Hapana. Nimesimama kabla."

Nikamwambia asiguse kifuniko, asubiri injini ipoe, kisha abonyeze mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya gurudumu na gurudumu. Baada ya robo saa akapiga tena. Umebonyea kama kamba ya kuanikia nguo, akasema, na spana ile niliyompa anayo kwenye buti.

"Ni namba kumi na tatu, siyo?"

"Nusu inchi, Mwalimu. Hilo ni gari la Mwingereza."